Bi Pimbi na Dawa ya Ufalme

Hapo zamani za kale, siku ambazo fisi alivaa koti na kifaru alivaa kofia ya kijeshi, palikuwa na nchi moja iliyoitwa Majanimengi. Msiniulize iko wapi. Ilikuwa huko huko ambako wanyama walipika, wakafua nguo, wakagombana na majirani asubuhi na kupatana kabla ya chakula cha mchana. Haya, sogeeni. Na wewe unayemfinya mwenzako, acha kwanza, hadithi haipendi kelele.

Mfalme wa Majanimengi alikuwa Pofu, mnyama mkubwa mwenye pembe za kusokotwa na moyo mpole. Alitawala mpaka ndevu zake zikawa nyeupe. Halafu siku moja akajilaza kivulini akitafuna majani, asiamke tena. Wanyama walilia pango kwa pango, kichuguu kwa kichuguu. Aliacha mtoto mmoja tu, binti, jina lake Siwazuri.

Siwazuri alikuwa mrefu, mwembamba, na mwenye haya. Haya gani hizo! Mgeni akibisha hodi kwa sauti kubwa, yeye mbio nyuma ya pazia. Akiwa huko, alichungulia tu, akimtazama mgeni tangu kwato hadi masikio.

"Huyu atatutawala vipi?" wanyama walinong'ona. "Hata neno 'karibu' linamshinda!"

Na desturi ya Majanimengi ilikuwa hivi. Mfalme akifa, wanyama wote hukutana barazani. Wanaotaka kiti husimama mbele ya watu. Kisha baragumu hupigwa, puuuu! na wanyama hupaza sauti kumtaja wanayemtaka. Lakini anayetoka barazani baragumu likilia, basi amejitoa mwenyewe. Hata kukitazama kile kiti kwa jicho la pembeni, ruhusa hana.

Mbali na yule binti, waliokitaka kiti walikuwa wawili.

Wa kwanza alikuwa Kifaru, amiri jeshi. Kifua chake kama ghala, macho yake hafifu, hasira zake karibu.

"Nikitawala mimi," alinguruma, "kila mnyama mdogo atabeba mawe! Tutajenga ukuta kuizunguka nchi nzima!"

"Ukuta wa kumzuia nani, Amiri?" aliuliza Nyumbu.

"Jengeni kwanza! Mkimaliza nitawaambia!"

Wa pili alikuwa Fisi, mkuu wa jiko la mfalme. Yeye hakunguruma. Alizungumza polepole, maneno yakimteleza kama mafuta.

"Nikitawala mimi, ndugu zangu, kila nyumba italeta mtoto mmoja ikulu. Nitawalea mwenyewe." Akalamba midomo, lap! lap! "Hasa wale wanene."

Mama Sungura aliposikia hayo alianguka chini, pu! Akapepewa kwa jani la mgomba ndipo akazindukana.

Basi wanyama wadogo wakawa na hofu. Wakimchagua Kifaru, watakufa kwa mawe. Wakimchagua Fisi, watoto wataliwa. Wakimchagua Siwazuri, nani atawazuia hao wawili wasimtupe nje mchana huo huo?

Sasa, juu ya jabali moja lenye mapango, waliishi wachawi watatu. Ndiyo, wachawi. Usijifunike uso, wewe. Walikuwa wachawi wa kufanya kazi mchana, wenye bustani ya vitunguu.

Mkubwa wao alikuwa Bi Bundi. Huyu aliyajua maneno yote ya uchawi, ila mchana usingizi ulimshika katikati ya sentensi. Wa pili alikuwa Bi Nungunungu, mwenye hasira. Ukimkosea, miiba yake yote ilisimama, chwaa! Wa tatu alikuwa Bi Pimbi, mdogo kama kikapu cha mayai, mnene, hana hata mkia. Uchawi wa Bi Pimbi ulikuwa ulimi wake. Ulimi huo ungeweza kumuuzia samaki maji.

Na walikuwa na mwiko mmoja mkubwa: mchawi hatii mkono katika chungu cha ikulu.

Asubuhi moja walikuwa wamekaa wanamenya viazi, wakasikia ardhi inatetemeka. Tu! Tu! Tu!

"Hodi!" Na kabla hajajibiwa, Kifaru amekwisha kuingiza kichwa. Mlango ukabaki umemkaa shingoni kama shanga.

"Karibu, Amiri," alisema Bi Pimbi. "Mlango uvue tu, uweke hapo kando."

"Nataka dawa," alisema Kifaru. "Dawa ya kupendwa. Siku ya baraza, wanyama wote waliite jina langu. Nisipoipata kesho, nitalipiga jabali hili kwa pembe mpaka liwe kokoto! Mmesikia?"

"Tumesikia, Amiri. Na walio ng'ambo ya mto pia wamesikia."

Kifaru akageuka, tu! tu! tu! akaondoka. Viazi havijaisha kumenywa, wakasikia mtu anakuna ukuta, kwaru, kwaru.

"Hodi, hodi, shangazi zangu," ilisema sauti laini.

Alikuwa Fisi. Alikaa, akasifu paa, akasifu chungu, akasifu hata miiba ya Bi Nungunungu. Mwisho akasema, "Mimi sina makuu. Nataka kidawa kidogo tu cha ufalme. Mkikosa kunipa, itanibidi niwaambie wanyama kwamba mfalme Pofu hakufa kwa uzee, ila mlimroga nyinyi. Mnajua wanavyowafanya wachawi wauaji? Huwafukizia moshi pangoni mpaka watoke. Au wasitoke." Akacheka, "Kwi-kwi-kwi!" akaenda zake.

Bi Nungunungu akasimamisha miiba, chwaa! "Niacheni nimfuate! Nimchome makalioni!"

"Na Kifaru je?" aliuliza Bi Pimbi. "Ngozi ile utaichoma kwa mwiba upi?"

"Tulieni," alisema Bi Bundi. "Mimi nitawageuza wote wawili chawa. Ni maneno mepesi. Sikilizeni. Chakacha mchakacho, mkubwa awe mdogo, aliye juu awe... khorrr... khorrr..."

Puu! Moshi ukatanda. Ulipoondoka, kigoda cha Bi Nungunungu kilikuwa kimegeuka boga, na Bi Nungunungu amezama ndani yake mpaka kiunoni.

"Bundiii!"

"Ehe? Wamekuwa chawa?" aliuliza Bi Bundi, akifumbua jicho moja.

Baada ya Bi Nungunungu kuchomolewa, wakarudi kwenye viazi. Bi Pimbi alikwenda mlangoni, akatazama chini. Aliona watoto wa sungura wanachezea tope kando ya mto. Mmoja wao alikuwa mnene, amejipaka tope mpaka puani, anacheka peke yake. Moyo wa Bi Pimbi ukamuuma.

"Dada zangu," alisema, "tuwape dawa."

"Na mwiko?" aliuliza Bi Nungunungu.

"Chungu cha ikulu kimekuja chenyewe jikoni kwetu. Mimi ningefanyaje, nikirushe nje?"

"Wewe Pimbi wewe! Lakini hatuna dawa ya ufalme! Haipo duniani!"

"Dawa si kitu," alisema Bi Pimbi. "Dawa bila masharti ni mchuzi tu. Nipeni mafuta ya nyonyo, masizi na vitunguu vilivyooza. Masharti nitayapika mwenyewe."

Kesho yake Kifaru alifika mapema. Bi Pimbi alipanda juu ya boga ili amfikie, akampaka pembe yote kwa ile dawa. Ilinuka! Nzi mmoja alipita, akaanguka.

"Sasa masharti, Amiri. Sikiliza vizuri. La kwanza, siku ya baraza utaingia kinyumenyume."

"Kinyumenyume? Mimi?"

"Ufalme ni kama paka. Ukiuendea, unakimbia. Ukiupa mgongo, unakufuata wenyewe. La pili, hutatamka neno lolote. Mtu akikusemesha, utajibu 'Kurukuu'."

"Kama njiwa?"

"Kama njiwa. Hebu jaribu."

"Ku... kuru... KURUKUU!" Vyungu vikadondoka rafuni.

"Vizuri mno. Na la tatu ndilo kubwa. Atakayekucheka, huyo ndiye aliyeuficha ufalme wako kooni mwake. Mkimbize! Usimwache mpaka autapike!"

"Nitamkimbiza hadi mwisho wa dunia!" alisema Kifaru.

"Ukipenda hata upite hapo."

Fisi alikuja jua likiwa kichwani. Bi Pimbi akachovya hirizi ndani ya chungu kile kile, akamfunga mkiani.

"Sharti lako, mwanangu, ni moja tu. Siku ya baraza, ukimwona mtu anaingia kinyumenyume, jua hiyo ndiyo bahati yako inayoingia. Cheka! Cheka kwa nguvu zako zote."

"Basi? Kucheka tu?" Fisi akafurahi. "Shangazi, hiyo si dawa, hiyo ni sikukuu!"

Alipoondoka, Bi Nungunungu alishika kichwa. "Pimbi, umewapaka wote dawa moja! Kifaru pua yake imezibwa na kiburi, lakini Fisi? Fisi hunusa mfupa uliozikwa mwaka juzi!"

Bi Pimbi akachungulia chunguni. Hilo hakulifikiria. "Chungu ni kimoja," alisema mwishowe, kwa sauti ndogo. "Tuombe upepo uwe mzuri."

Siku ya baraza ikafika. Ngoma zililia, dum! dum! dum! Akina mama walileta mitungi ya togwa, vijana wakafagia uwanja, nyani akasugua baragumu mpaka likang'aa. Mzee Korongo, mshika desturi, alisimama kwa mguu mmoja kando ya kiti cha enzi. Wachawi watatu walikaa nyuma, juu ya jiwe. Siwazuri alikaa mkekani, kichwa ameinamisha, akitazama huku na huku kupitia kope zake ndefu.

Fisi alikuwa wa kwanza kufika, koti limepigwa pasi, hirizi mkiani. Akakaa mbele.

Halafu, tu! tu! tu!

Wanyama wakageuka. Lo salaale! Wakaona makalio makubwa ya kijivu yanaingia barazani, kofia ya kijeshi ikifuata mbali nyuma yake. Makalio yakamkanyaga Nyumbu. "Aiii, mguu wangu!" Makalio yakagonga mtungi wa togwa. Kacha! Makalio yakaja, yakaja, yakasimama mbele ya Mzee Korongo.

"Karibu, Amiri," Mzee Korongo aliyasalimu, maana hakujua asalimu wapi.

"Kurukuu!" alijibu Kifaru.

Wanyama walitamani kucheka wafe, lakini nani angethubutu kumcheka amiri jeshi? Bi Pimbi akamkodolea macho Fisi. Na Fisi, kweli, akafungua kinywa, akavuta pumzi kubwa ya kucheka...

Upepo ukavuma.

Fisi akanusa. Fuu, fuu. "Vitunguu," alisema moyoni. Fuu, fuu. "Nyonyo. Masizi." Akainua mkia wake, akaunusa. Fuu! Akatazama pembe ya Kifaru inayometameta. Kinywa kikafungwa, pap!

Fisi hakuwa mjinga. Angeweza kupiga kelele kwamba wachawi wamewachezea, lakini angejitaja na yeye kuwa alikwenda kwa mchawi. Kwa hiyo akainuka kama mtu anayenyoosha miguu, akapita nyuma, akainama kwenye sikio la Bi Pimbi.

"Shangazi," alinong'ona, "leo sicheki ng'o. Yule mjinga atajiaibisha mwenyewe na kile kibinti hakina sauti. Kiti ni changu. Na mlo wangu wa kwanza nikiwa mfalme, utakuwa wewe. Na viazi." Akarudi mbele, akakaa, akakaza taya.

Magoti ya Bi Pimbi yakagongana, ka-ka-ka-ka. Ule ulimi wake wa kumuuzia samaki maji ukakauka kama ubao.

"Nimchome?" aliuliza Bi Nungunungu.

"Hapana. Ukimchoma mtu barazani, tumekwisha sote. Dada Bundi, una neno?"

"Khorrr," alisema Bi Bundi.

Lakini, wajukuu zangu, mtu anayejificha nyuma ya pazia maisha yake yote hujifunza kitu kimoja: kutazama. Na Siwazuri alikuwa ametazama. Aliiona dawa kwenye pembe ya Kifaru. Aliiona hirizi mkiani mwa Fisi. Alimwona mchawi mdogo anatetemeka. Na zaidi ya yote, aliyaona mashavu ya Fisi, jinsi yalivyofura kila Kifaru alipopumua.

Akasimama. Wanyama wakashangaa.

"Mzee Korongo," alisema, kwa sauti ndogo kama ya mbuzi mchanga, "desturi inaniruhusu nimuulize mwenzangu maswali?"

"Inaruhusu, mwanangu. Paza sauti kidogo."

Siwazuri akayageukia makalio. "Shikamoo, Amiri."

"Kurukuu!" yakajibu makalio.

"Amiri, ule ukuta wako utakuwa na mlango?"

"Kurukuu!"

"Milango mingapi?"

Kifaru akafikiri. "Kurukuu. Kurukuu."

"Miwili!" alipiga kelele Nyumbu, aliyekuwa bado anasugua mguu.

Mnong'ono wa vicheko ukapita barazani kama upepo kwenye mtama. Fisi akauma mdomo. Machozi yakaanza kumlengalenga.

"Na mvua ikikosekana, Amiri, watoto wetu utawalisha nini?"

"Kurukuu," alisema Kifaru kwa huruma.

Fisi akajifunika uso kwa koti. Mabega yakatikisika. Akajikumbusha: kiti, kiti, kiti. Akatulia.

"Swali langu la mwisho," alisema Siwazuri, na sasa sauti yake haikuwa ndogo tena. "Adui akija na jeshi, amefika hapo mtoni, na wewe ndiye mfalme wetu. Utawaamuruje askari? Amrisha tusikie!"

Hapo Kifaru alisahau kila kitu ila vita. Alitanua kifua. Alisimamisha masikio. Alipiga kwato chini, akainua pembe juu mbinguni, akanguruma kwa nguvu zote alizopewa na mama yake:

"KURUKUUUUUU!"

Na juu ya mgunga uliokuwa karibu, njiwa jike mmoja akainua kichwa. Kwa maisha yake yote hajawahi kusikia sauti nzuri namna ile. Akashuka polepole, akatua juu ya pembe ya Kifaru, akamtazama machoni, akauliza kwa mapenzi:

"Kurukuu?"

Fisi akapasuka.

"KWA-HA-HA-HA-HA! Kwi-kwi-kwi! Mama wee! Nakufa! Kwa-ha-ha-ha!" Akaanguka, akagaagaa, akapiga ardhi kwa viganja. Koti likachanika mgongoni, chraaa!

Kifaru akageuka. Safari hii kwa mbele.

"Kumbe ni wewe!" alinguruma. "Ni wewe uliyeumeza ufalme wangu! Utapike!"

"Ku-kumeza nini? Kwi-kwi! Amiri, subiri nikueleze, kwa-ha-ha!"

"UTAPIKE!"

Fisi akaona pembe inakuja. Akashika mbio, anakimbia anacheka, anacheka analia. Kifaru nyuma yake, tu! tu! tu! tu! Na njiwa juu ya pembe, ameshikilia kwa kucha zote, "Kurukuu! Kurukuu!"

"Mzee Korongo," alisema Siwazuri bila kugeuza kichwa, "saa ya baragumu haijafika?"

Mzee Korongo akamtazama. Akatabasamu kwa urefu wa mdomo wake, na mdomo wa korongo si mfupi. "Imefika, mwanangu. Nyani! Piga!"

Puuuuuuuu!

Baragumu lilimkuta Fisi anaruka kizingiti cha baraza. Lilimkuta Kifaru anakivunja. Vumbi likatimka bondeni, likapanda mlima, likashuka upande wa pili.

"Wamejitoa!" walipiga kelele wanyama. "Wamejitoa wenyewe! Siwazuri! Siwazuri! Siwazuri!"

Vigelegele! Vifijo! Nyumbu alicheza na mguu wake mbovu. Mama Sungura alimrusha mwanawe hewani, akamdaka, akamrusha tena. Siwazuri alilitazama pazia la ikulu. Lilikuwa pale pale, karibu, limetulia. Akavuta pumzi, akalipita, akakaa kwenye kiti cha baba yake.

Watu walipokuwa wanakunywa togwa iliyobaki, malkia mpya akamwita Bi Pimbi.

"Shikamoo, bibi. Dawa ile uliwapa wewe?"

Bi Pimbi alifikiria uongo mmoja mzuri sana. Ulikuwa tayari ulimini, mtamu, umeiva. Akautazama uso wa yule binti, akaumeza.

"Marahaba, Malkia. Niliwapa mimi."

"Ilikuwa dawa gani?"

"Nyonyo, masizi na vitunguu. Kingine chochote kilichotokea walikuja nacho wenyewe."

Wanyama wakacheka. Siwazuri naye akacheka, kisha akaacha.

"Bibi, leo umetuokoa, nakushukuru. Lakini mwaka ujao ukiona mimi nimekosea, utanifanyia nini? Utanipaka na mimi pembe?"

Bi Pimbi alijikuna shingo. Akajikuna tena. Bi Nungunungu, kule nyuma, akajifanya anatazama mawingu.

"Ukweli, Malkia? Ningeshawishika."

"Basi nitakuomba kitu. Ukiona nimekosea, usiende kwenye chungu. Njoo hapa, simama mbele ya watu wote, uniambie. Wakusikie, na wanisikie nikijibu."

"Ebo! Niseme wazi? Mbele ya watu? Bila moshi, bila masharti?"

"Bila hata kitunguu."

"Malkia," alisema Bi Pimbi, "hiyo ni kazi ngumu kuliko uchawi." Lakini akaikubali, akapewa mkono, na wanyama wakashangilia mpaka Bi Bundi akaamka, akauliza nani ameshinda.

Fisi alivuka mto na hakuonekana tena Majanimengi. Kifaru alirudi jioni, amechoka, kofia imepotea, njiwa amelala kwenye pembe. Aliomba radhi kwa sauti ya kawaida, akalipa mtungi wa togwa, akajenga upya kizingiti cha baraza kwa mawe aliyoyabeba mwenyewe. Malkia akamrudishia kazi yake ya kulinda mto, maana kwa kazi ile alifaa. Njiwa hakuondoka. Kifaru alisema anamsumbua, lakini siku za upepo alitembea polepole ili asimwangushe.

Na Bi Pimbi? Alikaa muda mrefu bila kuwa na la kumwambia malkia. Siwazuri alitawala vizuri. Haya zilimtoka kidogo kidogo, sauti ikakomaa, akaanza kuhutubia. Akahutubia sikukuu, akahutubia harusi, akahutubia hata kisima kilipochimbwa. Siku moja alihutubia tangu asubuhi mpaka watoto wakasinzia kwenye mabakuli yao.

Bi Pimbi akapanda juu ya jiwe. Magoti yakagongana, ka-ka-ka, lakini akasema:

"Malkia! Umekosea! Umesema mpaka uji umepoa!"

Mungu wangu! Baraza zima likashika pumzi. Siwazuri alisimama, kinywa wazi, masikio yamemsimama. Akautazama uji. Akawatazama watoto. Halafu akacheka mpaka pembe zikatikisika, akaketi, akaita kwa sauti iliyofika mpaka kule mtoni, "Haya, tuleni!"

Wakala wote, uji baridi, wakaumaliza.

Wajukuu zangu, shikeni hili mwende mkalale: anayetafuta heshima kwa dawa, huipoteza kwenye masharti.